Sentensi Moja kwa Kila Aliyeumia

Tarehe 14 Agosti 1985, siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza ndugu yangu Omari kwenye mashine ya kusaga mbata. Tulimzika Mambrui jioni ile ile. Siku ya nne, matanga yalipokwisha kuanuliwa, nilirudi kazini nikakuta juu ya meza yangu karatasi inayongoja kupigwa taipu, nayo ilisema aliyekosa ni Omari.

Mimi nilikuwa mpiga taipu wa kiwanda kile cha mafuta ya nazi, nje kidogo ya Malindi, njia ya Ganda. Nimestaafu mwaka huu wa 1989. Nyinyi vijana mliobaki afisini mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, na najua mlitaka yale ya kuchekesha, meneja alivyokimbizwa na nyuki na mengineyo. Hayo mtasimuliwa na wengine. Mimi nitaandika juu ya sentensi moja ya Kiingereza, kwa sababu mtaikuta kwenye faili, na kwa jinsi ilivyokaa vizuri mtadhani iliandikwa na mtu aliyekuwa akifikiri.

Sikuanzia afisini. Nilianza mwaka wa 1968 sakafuni, pamoja na wanawake wenzangu, tukichambua mbata nyeupe na iliyoota ukungu. Nilikuwa mjane na elimu yangu ni ya darasa la saba. Jioni nilikwenda darasa la watu wazima kujifunza taipu, kwa kuwa aliyefundisha ushonaji alikuwa na maneno machafu. Karani mkuu aliposikia naweza kupiga taipu bila kutazama vidole, alinipandisha juu. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Nenda kaoshe mikono, kisha urudi uioshe tena." Nilidhani ananidharau. Nilipogusa karatasi ya kwanza vidole vyangu vyote vitano vilibaki pale kwa alama za mafuta, na barua ile ilikuwa ya kwenda Mombasa.

Karani huyo alikuwa Mzee Athman wa Lamu, mtu wa kanzu safi na sauti ya chini. Kiingereza chake hakukipata shuleni. Alikipata kwenye barua. Kila barua iliyoingia aliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya kiwanda na mara ya pili kwa ajili yake. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila ukurasa aliupa kitenzi kimoja cha Kiingereza. Chini yake aliorodhesha maneno aliyoyaona yakifuatana nacho. Aliyaita jamaa zake.

"Usijifunze neno peke yake, Bi Mwanaisha," alikuwa akiniambia. "Jifunze na jamaa zake. Hawa Waingereza wana 'pay'. Wewe unajua kulipa. Lakini wao hulipa faini, na ziara wakailipa, na heshima wakailipa, hata kusikiliza kwa makini ni kulipa. Ukiuliza kwa nini, hakuna ajuaye. Ndivyo yalivyozoeana."

"Basi ni wendawazimu," nikasema.

"Na wewe unayepiga pasi? Nguo imekukosea nini? Unapiga simu, unapiga picha, unapiga hodi, na hapa nimekuajiri upige taipu. Mzungu akitusikia atadhani ni nchi ya ugomvi."

Nilicheka siku ile. Mzee Athman alikuwa mwalimu mzuri na lazima niliseme hilo kabla ya mengine. Kwa daftari lile nilijifunza kwamba Kiingereza cha afisini si kigumu. Ni maneno yaliyozoeana yakiitana yenyewe, na ukishika la kwanza, la pili linakuja lenyewe kama mbuzi wa kufugwa. Baada ya miaka michache niliweza kuandika barua nzima bila kufikiri hata kidogo. Nilijivunia jambo hilo. Leo silioni kuwa la kujivunia.

Sasa nije kwenye fomu. Kila mfanyakazi alipoumia, kiwanda kilitakiwa kumpelekea afisa wa kazi wa serikali taarifa. Mwanzoni kila taarifa iliandikwa upya. Kisha ikaamuliwa ipigwe kwenye stensili, ile karatasi ya nta, tuzitoe fomu nyingi kwa mashine ya kurudufu na kubakisha nafasi tupu za kujaza. Stensili niliichonga mimi. Katikati ya fomu kulikuwa na sentensi hii: "The employee failed to observe". Baada yake ikaja nafasi tupu. Maana yake kwa Kiswahili ni kwamba mfanyakazi hakufuata, na nafasi ile ni ya kujaza kile ambacho hakukifuata: kanuni, maagizo, au tahadhari.

Angalieni vizuri fomu hiyo ilivyo. Unaweza kuchagua jina. Unaweza kuchagua tarehe. Unaweza kuchagua ni kitu gani mtu hakukifuata. Lakini kwamba hakufuata, hilo lilikwisha kuchapwa kabla hajaumia, pengine kabla hajaajiriwa.

Nami nilijaza. Nataka mlijue hili, kwa kuwa si haki niwacheke wengine nijifiche mimi. Kadzo wa Magarini aliungua mkono kwa mafuta ya moto bomba lilipopasuka. Nikaandika kwamba hakufuata tahadhari. Bomba limepasuka lenyewe, Kadzo amesimama mahali alipowekwa asimame, sijui alitakiwa kufuata tahadhari gani, labda asije kazini. Chengo alianguka na bati la paa lililooza. Nikaandika kwamba hakufuata maagizo. Nilikuwa nikimaliza naivuta karatasi kwenye mashine, natoa kaboni, naweka nakala kwenye faili, kisha nakwenda kunywa chai na mahamri. Sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya Kadzo.

Omari nilimtafutia kazi mimi. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu, mtu wa mzaha, mikono yake ikipenda mashine. Alipewa ile kubwa ya kusagia mbata, inayozungushwa na mkanda mrefu wa ngozi. Mkanda ule ulikuwa na wavu wa chuma wa kuufunika, mtu asinaswe. Mwezi wa Juni wavu ulitolewa kwa sababu ulikuwa ukigongagonga, na kuufungua kila mara ili kutia grisi kulikuwa kukichelewesha kazi. Ukaegemezwa ukutani.

Siku moja ya Julai, wakati wa chakula cha mchana, nilimuuliza habari ya wavu.

"Nimewaambia mara mbili, dada," akasema. "Wanasema utarudishwa wiki ijayo."

"Wiki ijayo lini?"

"Wewe ndiwe mtu wa afisini. Niulizie wiki ijayo ina tarehe gani."

Sikumuulizia. Nilidhani ni mzaha wake, na mbaazi zilikuwa zinapoa.

Ile Jumatano mkanda ulimshika mkono wa shati. Mkono huo haukukunjwa. Naliandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu walilisema sana baadaye, kana kwamba shati ndilo lililomuua.

Siku ya nne, basi, nilikuta karatasi mezani. Hakuna aliyeiweka kwa ubaya, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Ilikuwa fomu ya ajali, na fomu za ajali hupigwa na Bi Mwanaisha. Afisa wa wafanyakazi, Bwana Stanley, kijana mwenye shahada na kalamu tatu mfukoni, alikuwa ameandika kwa mkono cha kujaza: tahadhari za usalama. Chini ya barua zetu zote ziliwekwa herufi za jina la mkubwa, kisha herufi ndogo za mpiga taipu. Kwa hiyo herufi zangu ndizo zingekwenda kwa serikali na habari kwamba ndugu yangu alijiua kwa uzembe.

Nilichukua karatasi nikaenda kwake.

"Pole sana, Mama," akasema. "Poleni nyumbani."

"Tumeshapoa. Hii karatasi siwezi kuipiga."

"Naelewa, una majonzi. Atapiga mwingine."

"Sisemi apige mwingine. Nasema si kweli. Wavu haukuwapo."

Akatabasamu lile tabasamu la mtu anayemweleza bibi yake redio inavyofanya kazi. "Mama, usiichukue moyoni. Hiyo ni lugha tu. Ndivyo Kiingereza kinavyosema panapotokea ajali."

"Kiingereza hakikuwapo pale mashineni, Bwana Stanley. Aliyekuwapo ni Omari."

Tabasamu likaondoka. Akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike wiki nzima. Jambo la kupumzika wiki nzima halijawahi kutolewa kwa mfanyakazi yeyote wa kiwanda kile, hata kwa Kadzo na mkono wake.

Nilipotoka nilikwenda kwa Mzee Athman. Nilimuuliza swali ambalo kwa miaka yote sikuwahi kuliuliza, kwamba sentensi ile aliitunga nani.

Alilisogeza daftari lake. "Mimi," akasema. "Waliniambia nitunge fomu. Kulikuwa na barua ya bima kutoka Mombasa, imesema hivyo. Nikaona kitenzi 'observe' kimekaa vizuri na jamaa zake. Ni kitenzi cha heshima, Bi Mwanaisha. Hukaa na sheria, hukaa na saumu, hukaa na dakika ya kimya. Nilikipenda."

"Na 'failed', kwamba alishindwa, uliitia ya nini?"

"Ilikuwa imetangulia kwenye barua. Niliinakili."

"Basi nitungie nyingine leo, inayosema wavu haukuwapo."

Akatazama dirishani. "Mimi nimebakisha miezi mitatu nistaafu," akasema.

Niliondoka bila kumuaga. Mtu niliyemheshimu kuliko marehemu mume wangu, na kitenzi kilikuwa kinampendeza.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Mke wa Omari, Fatma, alikuwa ndani kwenye eda, hatoki wala haonani na wanaume wasio maharimu wake, lakini ukuta wa chokaa hauzuii maneno. Barazani watu walikuwa wakisema kiwanda kimekwisha kuandika serikalini kwamba Omari alikuwa akichezacheza. Wengine wakaongeza kwamba alikuwa amelewa, mtu ambaye hakuwahi kuonja. Fidia sitaizungumza, haikuwa ndiyo inayomuumiza. Fatma aliniuliza jambo moja tu kila nilipoingia: "Wifi, karatasi yao inasema nini?" Nami niliyeijua karatasi ile kuliko mtu yeyote nilimjibu kwamba bado sijui. Huo ulikuwa uongo wangu, na niliusema mara tatu.

Katika wiki ile ya mapumziko nilikaa na Kiingereza changu nikajaribu kutunga barua mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho daftari la Mzee Athman halikuwa na ukurasa wake. Nilikumbuka barua zote nilizopiga, nikajiuliza kiwanda huwa kinafanya nini ndani yake. Kiwanda husikitika. Kiwanda hupenda kukujulisha. Kiwanda hufurahi, kiwanda huhifadhi haki zake. Na mfanyakazi hufanya nini? Mfanyakazi hushindwa, hupuuza, hutoroka kazini. Miaka yangu yote ya afisini sikuwahi hata mara moja kuandika kwamba kiwanda kilishindwa kufanya kitu. Si kwamba kulikatazwa. Vidole havikujua njia. Nilipoandika "The company failed to observe" niliona kama nimekosea, nikataka kufuta.

Sikufuta. Nilirudi kazini baada ya wiki, nikapiga barua yangu kwenye mashine ya kiwanda, saa ya chakula, kwa karatasi niliyonunua mwenyewe. Nilisema kiwanda hakikufuata tahadhari, wavu ulitolewa Juni, Omari aliuomba mara mbili. Niliandika pia habari ya mkono wa shati. Niliweka jina langu zima chini.

Nilipoinua kichwa nilikuta faili limewekwa pembeni mwa meza yangu. Lilikuwa faili la nakala za ajali, ambalo hukaa kwenye kabati la Mzee Athman, na ufunguo wa kabati hauachi mfuko wa kanzu yake. Yeye alikuwa ameketi mahali pake, amenipa mgongo, anachonga penseli. Hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Alistaafu, akafa mwaka uliofuata, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ushujaa au nusu yake. Nilikwenda matangani kwake. Nililia kuliko nilivyotarajia.

Afisa wa kazi wa serikali, niliyemfuata afisini kwake, alikuwa mtu mnene, mwenye tai iliyolegea na macho ya mtu asiyeshangazwa na chochote. Nilimwamkia, nikampa barua. Aliisoma na kalamu nyekundu mkononi.

"Nani amekuandikia hii, Mama?"

"Nimeandika mimi."

"Hapa Kiingereza hakijakaa sawasawa." Akapiga mstari chini ya neno. "Kampuni haisemwi hivi. Hili husemwa juu ya mfanyakazi."

"Husemwa na nani, bwana?"

"Na kila mtu. Mimi napokea taarifa hizi kila wiki."

"Basi soma na hizi nazo," nikasema, nikafungua faili juu ya meza yake.

Nilizipanga moja moja, kama tulivyokuwa tukipanga mbata sakafuni. Kadzo na bomba. Chengo na bati. Mtu aliyeangukiwa na magunia hali yuko msalani. Mwingine aliyeumwa na nyoka aliyekuwa ndani ya rundo la mbata. Afisa alisoma ya kwanza, akasoma ya pili. Alipofika kwa yule wa nyoka akaweka kalamu chini.

"Huyu naye hakufuata tahadhari?"

"Maagizo," nikamjibu. "Huyo nilimwandikia maagizo. Tahadhari zilikuwa zimezidi mwezi ule."

Hakucheka. Alizitazama tena zote. "Hizi nimezipokea mimi," akasema polepole. "Nyingine nimezitia sahihi." Kisha akaniuliza ule wavu uko wapi sasa, nikamwambia nilipouona mwisho uliegemezwa ukutani.

Alikuja Alhamisi bila kutoa taarifa. Bwana Stanley alimpokea kwa soda baridi akampeleka mashineni, nami nikaitwa kuandika yatakayosemwa. Wavu ulikuwa mahali pake, umefungwa kwa boliti, umepakwa rangi ya kijani.

"Kama unavyoona, bwana," akasema Bwana Stanley, "kinga iko, na imekuwapo siku zote."

Afisa aliushika wavu kama mtu anayepima uimara. Alipoachia, vidole vyake vinne vilikuwa vya kijani. Akaviinua mbele ya uso wa Bwana Stanley.

"Siku zote hizi," akasema, "bado hazijakauka."

Chengo, ambaye tangu aanguke alikuwa akifagia, alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa, akageuka ukutani. Wanawake wa mbata wakacheka wazi. Bwana Stanley akaanza kueleza matengenezo ya kawaida, na akaeleza kwa Kiingereza kizuri sana, kila kitenzi na jamaa zake. Afisa aliomba mafuta ya taa na kitambaa, akawa anajifuta huku akimsikiliza.

Mimi sikufukuzwa. Nadhani waliogopa, au hawakupata mwingine wa kupiga taipu kwa kasi ile. Niliendelea hadi mwaka huu. Fomu ya stensili haikutumika tena nilipokuwapo, lakini nakala tupu zimebaki kwenye droo ya chini, na najua mtu akiwa na haraka atazikuta.

Wiki kadhaa baada ya Alhamisi ile ilikuja nakala ya uamuzi wa afisa, bahasha ya serikali, kwa jina la Fatma. Niliipeleka mwenyewe. Nilikaa naye mkekani, nikaifungua. Ilikuwa karatasi moja, na hapo katikati aliandika: "The guard was not in place."

"Inasema nini, wifi?"

"Inasema wavu haukuwapo mahali pake."

"Basi? Hayo tu?"

"Hayo tu. Na kwamba Omari hana kosa."

Akavuta ukingo wa kanga yake. "Isome tena," akasema. Nikaisoma tena. "Mwite mama, naye asikie."

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaosha mikono, akaja akakaa. Nilimsomea kwa Kiswahili, taratibu, kwa sababu sikio lake moja halisikii. Alipofahamu, hakulia wala hakushukuru. Alinishika mkono akaniinua.

"Sasa nenda nayo barazani," akasema, "ukawasomee na wale."

Nikajifunika buibui yangu, nikatoka, nikawasomea.